Chanjo ya watoto wetu: maulizo matano yenye inapashwa kutangulia

Ndugu wafanyakazi wa mine, ba mama wa kambi na wa cité, ndugu wachimbaji wa makarieri: leo sendika haitazungumuza mushahara. Tutazungumuza karte ya chanjo ya mutoto. Iko mu nyumba kwako? Iko na alama ngapi? Na kama kunakosa alama, ni juu ya nini?

Ile ulizo ya mwisho njo ngumu. Mara kwa mara watu wa uchunguzi wanafika ku kartiye zetu na makaratasi yao. Wanamuuliza mama: «Unajua faida ya chanjo? Juu ya nini haukuleta mutoto?» Wanauliza kwa heshima, lakini kosa limekwisha kuwekwa juu ya mama mbele hata ya yeye kujibu. Hawamuulizi kama alifika na akarudishwa. Hawamuulizi kama ile siku ya chanjo ni siku yake ya kuuza ku soko. Hawamuulizi kama mwezi uliopita alikuwa akiishi fasi ingine, pembeni ya karieri.

Sisi tunautaka uchunguzi. Mu mine hakuna mutu anaanza kuchimba bila kupima udongo kwanza. Lakini feza ya uchunguzi ni kidogo, na ulizo yenye inawekwa mbele njo inaamua frigo, pikipiki na waganga watapelekwa wapi. Kwa hiyo tunasema wazi: maulizo ya kwanza inapashwa kutoka ku maisha ya familia zenye zinakula ku shaba na ku kobalti. Tunaleta matano.

Karte inasema nini

Mbele ya yote, tukumbushane. Mu inchi yetu chanjo ya watoto inasimamiwa na Programme élargi de vaccination, PEV. Mutoto akizaliwa anapata BCG, ya kumukinga na kifua kikuu, na matone ya polio. Anarudi akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Pale anapata polio tena, na ile sindano tunaita penta, yenye kubeba kinga ya magonjwa tano: difteri, tetanosi, kokelishi, hepatiti B, na ile mikrobe ya Hib yenye kuleta meninjiti na ugonjwa wa mapafu. Mu ile safari za wiki 6 mpaka 14 kuna pia chanjo ya pneumo, na ya rotavirusi, yenye kuzuia kuhara kukali. Ku miezi 9 anapata chanjo ya surua, yaani rougeole, na ya homa ya manjano.

Mpaka pale ni safari tano, na chanjo yenyewe ni bure. Mutu anaweza kusema si mingi. Lakini mama mwenye kukosa safari moja ya wiki 10 na ingine ya miezi 9, mutoto wake anabaki na tundu mbili, na ugonjwa unapita mule mule.

Surua haichezi. Fasi yenye watu hawana kinga, mugonjwa mmoja anaweza kuambukiza watu 12 mpaka 18. Njo maana waganga wanaomba watoto 95 ku 100 wawe na kinga. Mu mwezi wa 6 wa 2019 Leta ilitangaza epidemi ya surua mu Kongo muzima. Ilipotangazwa kama imeisha, mu mwezi wa 8 wa 2020, watoto zaidi ya 7 000 walikuwa wamekufa. Wakati ule ule, Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, yenye dunia yote ilizungumuza, iliua watu zaidi ya 2 200. Surua iliua mara tatu, na haikupata kelele sawa ile.

Polio nayo ilitufundisha. Ile polio ya zamani, ya pori, ilionekana mara ya mwisho kwetu mu 2011, na mu 2015 Kongo ikapewa cheti kama imetoka. Lakini mu 2017 aina ingine ilionekana mu jirani yetu Haut-Lomami na mu Maniema. Hii aina inazaliwa pale virusi zaifu vya matone vinazunguka muda mrefu kati ya watoto wengi wenye hawakuchanjwa. Kwa hiyo haikusema matone ni mabaya. Ilisema watoto wengi walikuwa wameachwa.

Zamani mutoto wa kambi alijulikana kwa jina

Ba papa wetu wanakumbuka. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière iliacha kuleta wanaume peke yao, ikaanza kuweka wanaume na bibi zao mu kambi. Kulikuwa posho, kulikuwa kupimisha watoto, kulikuwa dispanseri. Haikuwa upendo. Kampuni ilitaka wafanyakazi wenye nguvu, na ilitaka watoto wao wakuwe wafanyakazi wa kesho. Lakini kitu kimoja kilikuwa kweli: mutoto wa kambi alikuwa mu kitabu. Jina lake liliandikwa, kilo yake iliandikwa, na kama hakufika, mutu alijua.

Gécamines iliendelea vile miaka mingi. Kisha kukaja kuanguka. Mu mwezi wa 9 wa 1990 mine ya Kamoto ilibomoka, na mu miaka ya 1990 shaba ya Gécamines ilishuka toka tani zaidi ya 400 000 kwa mwaka mpaka chini ya 40 000. Mu 2003 wafanyakazi zaidi ya 10 000 walitoka kwa ile tunaita «départ volontaire». Baba alipoteza namba ya kazi, na familia ikapoteza lopitali ya kampuni. Watoto wa wale ba papa njo wengi leo wako mu makarieri, ao wanatumika kwa mukataba wa miezi mu kampuni za sous-traitance.

PEV si ya kampuni, ni ya Leta, na mutoto wa muchimbaji wa mukono ana haki sawa na mutoto wa injeniere. Lakini ule mutu wa kujua kama mutoto fulani hakufika, yeye alipotea pamoja na kambi. Maulizo yetu matano inatokea pale.

Ulizo ya 1: Watoto ni wangapi, na wako wapi?

Ku ripoti ya zoni ya afya, unaweza kuona chanjo imefika 100 ku 100, na hata kupita. Namna gani kupita? Ni kwa sababu ile hesabu ya watoto wa kartiye ni ya kukadiria. Kongo ilihesabu watu wake mara ya mwisho mu 1984. Pale karieri mupya inafunguka, watu wanahamia kwa wingi mu wiki chache, lakini hesabu ya ku karatasi inabaki ile ile. Chupa za chanjo zinatumwa kufuata karatasi, hazifuati watu.

Kumbe wakati uchunguzi unaenda nyumba kwa nyumba, jibu ni lingine. Ule mukubwa wa 2017-2018, wenye kuitwa MICS, ulikuta mu Kongo watoto 35 tu ku 100, wa miezi 12 mpaka 23, walikuwa wamepata chanjo zote. Kisha ile, mu mwezi wa 10 wa 2018, Leta ilianzisha Plan Mashako, yenye jina la marehemu profesa Mashako Mamba, aliyekuwa waziri wa afya. Ilianza mu provensi 9, na Haut-Katanga ilikuwa ndani. Iliweka nguvu ku vitu vya kuonekana: siku za chanjo zifanyike kweli, chupa zisikose, wakubwa wafike kuangalia kazi. Ni njia nzuri. Lakini hata ile njia inaomba kujua watoto wako wapi.

Tunaomba hivi: mu zoni za afya za muji wetu, Likasi, Kikula na Panda, na jirani yetu Kambove, watoto wahesabiwe nyumba kwa nyumba na kibanda kwa kibanda, mpaka ku makarieri. Na watofautishe makundi mawili. Kuna mutoto mwenye hajapata hata sindano moja. Kuna mutoto mwenye alianza vizuri kisha akapotea njiani. Wa kwanza, huduma haikumufikia. Wa pili, huduma ilimufikia na ikamuacha. Ugonjwa si mmoja, na dawa haiwezi kuwa moja.

Ulizo ya 2: Ni watoto wangapi wanarudishwa juu ya chupa?

Hii ba mama wanaijua kuliko wakubwa. Chupa ya chanjo ya surua yenye kutumiwa sana iko na dozi 10. Ya BCG iko na dozi 20. Muganga akiisha kuchanganya ile unga na maji yake, anapashwa kuitumia mbele ya saa 6 kupita. Kisha pale ni kutupa. Sasa mama anafika na mutoto wa miezi 9, na siku ile wako watoto wawili tu. Muganga anafikiri dozi 8 zitakazotupwa, anafikiri ripoti yake, na anasema: «Mama, urudi siku ingine, tungoje wengine.»

Mama alitembea na mutoto ku mugongo, aliacha meza yake ku soko. Hatarudi kila mara. Na ku fishi ya uchunguzi wataandika: «mama hakuleta mutoto».

Jirani zetu wa Zambia waliuliza hii ulizo vizuri. Mu provensi ya Luapula, pale ngambo ya muto tu, na mu provensi ya Central, walijaribu chupa za surua za dozi 5 mu distriki zingine, na zingine zikabaki na chupa za dozi 10. Fasi yenye chupa ndogo, dozi za kutupwa zilishuka karibu nusu, na watoto wenye kuchanjwa waliongezeka kidogo. Waganga walifungua chupa bila woga. Chupa ndogo inaomba nafasi zaidi mu frigo na bei ya dozi inapanda, hiyo tunaelewa. Lakini bei ya mutoto mwenye kurudishwa, nani aliipima hapa Likasi? Inatosha kuweka kitabu mu kila santé mwezi mizima: kila mutoto mwenye kurudishwa, na sababu yake.

Ulizo ya 3: Saa gani, siku gani, fasi gani?

Chanjo inafanyika asubuhi, siku za kazi. Baba yuko posti ya asubuhi, ao anatoka posti ya usiku na anaanguka ku kitanda. Mama yuko ku soko, ao ku muto anasafisha mawe, ao anatwanga mawe ku karieri. Yule mwenye kubaki na mutoto ni dada yake wa miaka 10. Yeye njo atamupeleka?

Siku ya chanjo ku karieri siku ya Mungu, ao saa kumi na moja ya jioni, ao ku mulango wa mine siku ya mushahara, ingeleta watoto wangapi zaidi, na kwa bei gani? Hatuombi watu wabishane. Tunaomba wajaribu fasi zingine hivi, zingine vile, kisha wahesabu.

Kule Kenya, mu Siaya, walifanya jaribio sawa lile mu vijiji 152. Wazazi wengine walitumiwa mesaji ku simu ya kukumbusha siku ya chanjo, wengine mesaji pamoja na feza kidogo, wengine hawakutumiwa kitu. Kwa wenye hawakutumiwa kitu, watoto 82 ku 100 walimaliza chanjo. Kwa wenye walipata mesaji na shilingi 200 kwa kila safari, walikuwa 90. Kwetu matokeo inaweza kuwa ingine, juu simu ya nyumba mara mingi iko mu mufuko wa baba chini ya udongo. Lakini wao waliuliza, na leo wanajua.

Ulizo ya 4: Mutoto akihama, karte yake inahama?

Muchimbaji anafuata madini. Leo yuko pembeni ya Kambove, kisha miezi tatu yuko Kolwezi, kisha Kasumbalesa. Familia inafuata. Karte inalowana na mvua, inaungua na nyumba ya mashuka, ao inabaki kwa bibi wa nyumba ya kulipa. Pale wanafika, kitabu cha santé hakina jina la ule mutoto. Muganga haamini, mama hakumbuki kama ilikuwa sindano ya pili ao ya tatu.

Tanzania ilianza kujibu hii mu Arusha, kisha mu maeneo mengine: kitabu cha chanjo kiliwekwa mu mashini, na mutoto mwenye aliandikwa ku kliniki moja anaweza kuonekana ku ingine. Sisi tunaomba watu wa uchunguzi wafuate watoto mia chache wa familia zenye kuhama, mwaka mmoja, waone fasi gani alama inapotea. Kama jibu ni simu ya muganga, vizuri. Kama jibu ni karte ya pili yenye kubaki kwa reko wa kartiye, yule wa kupita nyumba kwa nyumba, vizuri zaidi, juu bei yake ni ndogo na haiombi courant.

Ulizo ya 5: Feza ya udongo wetu inafika ku frigo?

Chanjo inapashwa kukaa kati ya digri 2 na 8, toka indege mpaka ku mukono wa mutoto. Kwa ile inaombwa frigo yenye kutumika, pikipiki yenye mafuta, na muganga mwenye analipwa. Vile vitu havianguki toka mbinguni.

Code minier ya 9 Machi 2018 inasema kila kampuni yenye kuchimba iweke pembeni angalau 0,3 ku 100 ya chiffre d'affaires kwa maendeleo ya watu wa pale: ni dolare 3 ku kila dolare 1 000 ya kuuza. Inasema tena kama redevance minière inagawanywa: 50 ku 100 kwa Leta ya kati, 25 kwa provensi, 15 kwa miji, komini, sekta ao sheferi yenye madini inatoka, na 10 kwa mufuko wa vizazi vijavyo. Na Code du travail ya 2002 inaomba mwenye kazi atunze afya ya mufanyakazi pamoja na familia yake.

Kwa hiyo ulizo yetu ni ya hesabu, si ya matusi: ku ile 0,3 na ile 15, ni ngapi ilifika ku chanjo ya watoto mu miaka hii? Frigo moja ya jua inalinda chanjo ya vijiji vingapi, miaka mingapi? Na mufanyakazi wa sous-traitance, mwenye mukataba wa miezi tatu, watoto wake wako ku liste ya dispanseri gani? Tunasikiaka ku mikutano ba papa wenye kutumika ku mulango mumoja na sisi, na kofia ya rangi ingine, wenye hawajui.

Na wenye kukataa?

Mutu atatuambia: lakini wako wenye kukataa, juu ya dini ao juu ya maneno ya ku kartiye. Ni kweli, wako. Tuliwasikia mu wakati wa Covid, na tunawasikia leo. Nao waulizwe, kwa upole, na kwa Kiswahili. Lakini wawekwe ku fasi yao mu hesabu. Kama ku watoto kumi wenye kukosa chanjo mmoja tu alikataziwa na wazazi, na tisa walikuta chupa imefungwa, siku imepita ao karte imepotea, basi kutuma muzungumuzaji na megafoni kwa wote kumi ni kupoteza feza. Ile hesabu njo tunaomba, juu leo kila mutu anasema namba yake.

Tunaomba mambo mbili kwa École de santé publique ya Lubumbashi, kwa PEV, na kwa kila mutu mwenye kuleta fishi ku kartiye zetu. Ya kwanza: mbele ya kuandika maulizo, waite delege wa wafanyakazi, wamama wenye kutwanga mawe, wareko na waganga wa santé, wakae meza moja. Ya pili: wakimaliza, warudi. Watusomee jibu kwa Kiswahili, ku kartiye yenye walichukua majibu. Memware yenye kulala mu kabati ya Lubumbashi haijachanja mutoto.

Wakati tunangoja majibu

Karte iwekwe mu mufuko wa plastiki pamoja na karatasi za kazi za baba, na picha yake iwe mu simu mbili. Mukihama, siku ya kwanza mutafute santé mbele ya kutafuta mutu wa deni. Mutoto akichelewa, haanzi upya: anaendelea pale alifikia. Kikohozi kidogo ao joto kidogo haizuie sindano; muganga aangalie mwenyewe. Karte ikipotea, mutoto hafukuzwi. Na mama akirudishwa juu ya chupa, aombe muganga aandike ku karte siku ile na sababu, kisha alete habari kwa delege wa sendika.

Delege wetu watafungua kitabu kwa ile kazi tangu mwezi huu, mu kila kambi na kila kartiye wenye tuko. Kila mutoto mwenye kurudishwa ataandikwa: siku, santé, sababu. Wakati watu wa uchunguzi watafika na maulizo yao, watakuta yetu iko na mwanzo wa jibu.